Jamani, mlango namba 443 ufunguliwe au ufungwe!

Najua nimepotea karibu wiki tatu na wengine mmeshaanza kuuliza kama nimedisko. Sijadisko. Ni mambo yale yale: majaribio, kazi za vikundi ambazo kikundi ni mtu mmoja, na yale mazoezi yetu ya ualimu ambapo mmoja anasimama ubaoni na wengine ishirini wanajifanya kidato cha pili. Leo naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za hosteli, maana hapa ndipo waifai ya chuo inashika, na kuna jambo linanikereketa rohoni. Mliozoea kusoma humu habari za foleni ya kantini na bumu kuchelewa mnivumilie. Nataka kuzungumzia ukuta wa moto. Siyo moto wa kuni, ule wa kompyuta, unaokaa kati ya mtandao wa chuo na dunia na kuamua nini kipite na nini kibaki.

Kisa kilianza hivi. Mhadhiri wetu mmoja alitaka kila mtu arekodi somo la dakika 20 akifundisha, aipakie video kwenye Google Drive, halafu amtumie kiungo kabla ya saa sita usiku siku ya Ijumaa. Alama 10. Video yangu (mada: Sheria ya Ohm, na ubao wenyewe una nyufa) ilikuwa megabaiti 180. Nikaanza kuipakia saa tatu usiku. Asilimia 4... asilimia 6... ikaganda. Nikaanza upya, ikaganda tena. Cha ajabu, tovuti za magazeti zilikuwa zinafunguka kama kawaida na meseji zinaingia. Google tu ndiyo ilikuwa inajikongoja.

Mwenzangu mmoja wa chumba cha jirani, naye anasubiri bumu kama sisi wote, ilipofika saa tano na nusu akakopa hela ya bando. Bando likakata video ikiwa asilimia 70. Akakopa tena, akatuma saa nane usiku. Kazi ikichelewa inasahihishwa kwa nusu ya alama, kwa hiyo kumi zikawa tano kabla hata mhadhiri hajabonyeza video. Hajalalamika popote. Anasema tu, "ndio chuo."

Mimi niliokoka kwa bahati, na bahati yenyewe ni mshkaji wangu anayesoma kompyuta. Alichukua laptopu yangu, akaandika chrome://flags kwenye kivinjari, akatafuta neno QUIC, akalizima, akawasha kivinjari upya. Video ikapanda kwa dakika kama kumi na mbili hivi. Nikamwambia huu sasa ni ulozi. Akacheka, akaniambia kaa chini nikufundishe, mwalimu.

Sasa bwana, na mie ngoja niwafundishe nilivyoelewa.

Ukienda nyumbani kwa mtu unapiga hodi. Ndani wanaitika karibu. Unajibu, unaingia, ndipo unaanza kusema kilichokuleta. TCP, itifaki iliyobeba kurasa za wavuti kwa miaka mingi (waraka wake maarufu, RFC 793, ni wa Septemba 1981), inafanya hivyo hivyo: hatua tatu za kubisha na kuitikiwa, na mwisho wa mazungumzo kuna kuagana. Mlinzi wa getini anasikia hodi, anasikia kwaheri, anajua nani yuko ndani na nani katoka. UDP haina hayo. Waraka wake, RFC 768 wa Agosti 1980, ni kurasa tatu tu, kaandika Jon Postel. Ukiwa na UDP unatupa kibarua juu ya uzio: kikifika kimefika, kisipofika shauri yako. Ilitosha kwa vitu vidogo vya haraka, kama kuuliza anwani za majina ya tovuti kwenye poti 53, kulinganisha saa za kompyuta kwenye poti 123, na sauti za simu. Wavuti yote ilikuwa TCP, poti 80 na 443. Kwa hiyo walinzi wa mitandao wakazoea kanuni moja rahisi: TCP 80 na 443 pita, UDP mpaka tukujue.

Dunia ikasogea. Mwaka 2012 Google walianza kutengeneza QUIC, kazi iliyobuniwa na Jim Roskind, na mwaka 2013 wakaitangaza. Mwaka 2016 kundi kazi la IETF likaichukua na kuanza kuichambua, Mei 2021 ikatoka kama RFC 9000, na Juni 2022 ikaja HTTP/3, RFC 9114, ambayo ni wavuti inayopanda juu ya QUIC. Na QUIC inasafiri ndani ya UDP, poti 443. Yaani mlango ni ule ule, namba ile ile, ila anayepita amebadili mavazi na hapigi hodi kwa ile sauti aliyoizoea mlinzi.

Kwa nini walihangaika? Kwa sababu ya watu kama sisi tulio mbali na seva. Tuseme safari ya kwenda na kurudi mpaka seva ya Ulaya ni milisekunde 150. TCP na usalama wa TLS 1.2 zinataka safari tatu kabla hujaomba hata herufi moja ya ukurasa, yaani milisekunde 450. QUIC imeunganisha hodi ya njia na hodi ya usalama, inataka moja tu: 150. Ukiwa umeshawahi kwenda kwenye seva hiyo, mara nyingine unaweza kutuma ombi kwenye pakiti za kwanza kabisa. Halafu kuna jambo jingine ambalo mie nimelipenda zaidi. Kila muunganisho wa QUIC una namba yake ya utambulisho, kwa hiyo ukitoka kwenye waifai ukahamia kwenye bando la simu katikati ya kazi, seva inaweza kukutambua bila kuanza upya. Kwa mtu anayetembea kutoka maktaba mpaka hosteli akiwa na video inayopanda, hicho siyo kitu kidogo!

Haya, turudi kwenye ukuta wa moto. Jumatatu nilijikaza nikaenda kitengo cha TEHAMA. Nilimkuta afisa mmoja, mtu mzima, mpole tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Umesahau nywila?"

Nikamwambia hapana, nimekuja kuuliza kuhusu UDP 443. Akavua miwani. Nadhani hakutegemea hilo swali kutoka kwa mtu wa ualimu. Akaniambia bila kunificha: UDP imebanwa, kila kifaa kinaruhusiwa pakiti 50 kwa sekunde, kwenda na kurudi, kwa sababu ya torenti na magemu na kwa sababu ya mashambulizi ya mafuriko. Kanuni hiyo aliikuta, yeye hakuiweka.

Simlaumu, na hofu ya mafuriko siyo ya kuchekwa. Tarehe 28 Februari 2018 GitHub walipigwa na mafuriko ya terabiti 1.35 kwa sekunde, yaliyorushwa kutoka kwenye seva za memcached zilizoachwa wazi kwenye UDP poti 11211. Kwa kuwa UDP haina hodi, mhalifu anaandika anwani yako kwenye bahasha ya swali dogo, na majibu makubwa yanakuangukia wewe. Waliotengeneza QUIC walilijua hilo. Ndiyo maana pakiti ya kwanza ya mteja lazima ifike kwenye kibebeo cha angalau baiti 1,200, na seva hairuhusiwi kurudisha zaidi ya mara tatu ya ilichopokea mpaka ihakikishe anwani ni ya kweli. Lakini kanuni ya chuo haijui hayo. Kwake UDP ni UDP.

Sasa mimi ni mtu wa Hisabati, nikapiga hesabu palepale kwenye karatasi ya nyuma ya ratiba. Pakiti moja ya QUIC tuseme ni baiti 1,250. Mara 50 ni baiti 62,500 kwa sekunde, sawa na kilobiti 500. Video yangu ya megabaiti 180 ni megabiti 1,440. Gawanya kwa 0.5 unapata sekunde 2,880, dakika 48! Na hapo nimehesabu kana kwamba hakuna kinachopotea. Uhalisia ni mbaya zaidi, kwa sababu pakiti ya 51 haipangi foleni, inatupwa. Mtumaji akiona pakiti zinapotea anadhani njia imejaa, anapunguza mwendo, anajaribu tena, zinatupwa tena.

Hapa ndipo lilipo kosa lenyewe, na ndipo penye hoja yangu yote. Vivinjari vya sasa vina akili: vikikuta UDP 443 imefungwa kabisa, vinarudi kwenye TCP na maisha yanaendelea. Lakini kanuni ya chuo haikufunga. Iliacha pakiti chache za mwanzo zipite. Hodi ya QUIC ikaitikiwa vizuri, kivinjari kikaamini njia ni nzuri, kikamwaga mzigo wote huko, halafu mzigo ukanyongwa katikati. Kivinjari hakikuwa na sababu ya kurudi TCP, maana kila mara muunganisho ulionekana uko hai. Kama wangeifunga kabisa, mwenzangu angekuwa na alama zake kumi. Kama wangeifungua, vilevile. Walichagua katikati, na katikati ndipo palipo pabaya kuliko kote. Siyo maneno yangu peke yangu: waraka wa IETF kwa wasimamizi wa mitandao, RFC 9312 wa Septemba 2022, nao unashauri kwamba ukilazimika kubana, ni afadhali kuzuia muunganisho mpya tangu pakiti za kwanza, ili vifaa vihamie TCP, kuliko kutupa pakiti ovyo katikati ya safari.

Sasa ninachotaka ni nini? Kwa chuo, nasema fungueni, lakini fungueni kwa akili. Mtu wa ndani aruhusiwe kuanzisha UDP kwenda poti 443 nje, na majibu yake yarudi kwa sababu ukuta unakumbuka nani aliuliza. Kwenye Linux ni mistari michache ya nftables, mmoja wa kukubali yanayorudi na mmoja kama huu:

udp dport 443 ct state new accept

uwekwe kwenye upande wa kutoka ndani kwenda nje, na uwekwe juu ya ile kanuni ya kubana, siyo chini yake, maana mlinzi huyu anasoma daftari kutoka juu na akikuta neno la kumhusu haendelei kusoma. Hakuna haja ya kuwafungulia watu wa nje waingie kwa UDP 443, isipokuwa kama chuo kina seva yake inayotoa HTTP/3. Nginx inaiweza tangu toleo 1.25.0 la Mei 2023, na hapo wengi hufungua TCP 443 wakasahau mwenzake wa UDP, halafu wanashangaa mbona HTTP/3 haionekani.

Jambo la pili ni kumbukumbu ya mlinzi. TCP ina kwaheri, kwa hiyo Linux kwa kawaida huweza kukumbuka muunganisho wa TCP uliotulia kwa sekunde 432,000, siku tano nzima. UDP haina kwaheri, mlinzi anakisia kwa saa: sekunde 30 kama kasikia upande mmoja tu, sekunde 120 kama pande zote zimeongea. Kuna wasimamizi wanaozipunguza hata hizo ili daftari lisijae. Unasoma makala dakika nzima bila kubonyeza kitu, ukuta umeshakusahau, seva ikituma kitu inakuta geti limefungwa. Ile namba ya utambulisho inasaidia, lakini mpaka wewe wa ndani uanze kusema kwanza. Sekunde 120 ziachwe zilivyo, jamani. Kama daftari linajaa, lipanueni daftari.

Mengine kwa ufupi: mikutano ya video, kwa mfano Google Meet, inataka UDP 3478 na 19302 mpaka 19309, hiyo ni habari nyingine na isichanganywe na 443. Na anayeogopa torenti ajue kwamba kubana UDP yote kwa sababu ya torenti ni sawa na kufunga geti la chuo kwa sababu kuna mmoja anaingia na pombe.

Sasa kuna anayenisoma hapa ananijua, na najua anataka kusema nini. Kwamba mbona mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilifanya kinyume? Kweli, nilifanya. Na sijuti.

Nilikuwa shule moja ya sekondari ya kata, mbali na lami. Ina maabara ya kompyuta, mashine 14 za msaada, ruta moja ya laini ya simu, na kompyuta kuukuu iliyogeuzwa kuwa proksi ya Squid ili kuchuja kurasa zisizofaa na kubana matumizi ya bando. Mkuu wa shule aliniita siku ya pili tu. "Mwalimu, wewe si umetoka chuo kikuu? Bando la mwezi linaisha siku ya sita, na watoto wanaangalia video tulizozifungia. Hebu tuangalizie." Ukitoka chuo kikuu, watu wanaamini unajua kila kitu mpaka kutibu ng'ombe.

Nilimpigia yule yule mshkaji. Ikaonekana proksi ilikuwa inakamata TCP 80 na 443 tu. Chochote kilichokwenda kwa QUIC kilipita pembeni kama maji yanavyopita pembeni ya jiwe, hakichujwi wala hakihesabiwi. Watoto hawakuvunja kitu chochote. Walikuwa wanatumia Chrome tu, na Chrome ilijua yenyewe kwamba seva ile inapokea HTTP/3, maana seva hutangaza hivyo kwenye majibu yake, na siku hizi hata kwenye rekodi za DNS. Kuchungulia ndani ya QUIC nako ni shughuli. Pakiti ya kwanza inaweza kusomeka kwa kifaa kinachojua namna, lakini tangu Chrome ilipoanza kutumia funguo kubwa za kujikinga na kompyuta za kwanta mwaka 2024, salamu ya kwanza haitoshi kwenye pakiti moja, na vifaa vinavyosoma ya kwanza tu vinaambulia nusu ya jina. Kompyuta kuukuu ya shule ya kata haiwezi mambo hayo.

Kwa hiyo tulifunga. UDP 443 kutoka maabara kwenda nje, kwa neno reject, siyo drop. Tofauti yake ni ya adabu tu: drop ni mlinzi anayekaa kimya mpaka uchoke kusubiri, reject ni mlinzi anayekwambia hapa hupiti, jaribu geti lile. Kifaa kinaambiwa mara moja, hakikai kukisia. Vilevile kwenye mashine zenyewe tukazima kwa sera ya Chrome iitwayo QuicAllowed. Kurasa zote zikarudi TCP, zikapita kwenye proksi. Mwezi ule nilipoondoka tarehe 20 bando lilikuwa bado lipo.

Kuna ndugu yangu mmoja wa kozi anaita huu ni unafiki: watoto wa kata unawafungia, wewe mwenyewe unataka ufunguliwe. Nimelifikiria sana. Kule shule ilikuwa na sababu inayoeleweka, watoto wa miaka 14 na pochi ya shule, na tulifunga kabisa, na mkuu aliwaeleza wanafunzi mstarini asubuhi kwamba kimefungwa nini na kwa nini. Hakuna aliyekaa mpaka usiku wa manane akidhani kosa ni la laptopu yake. Huku chuoni sisi ni watu wazima, kanuni ni nusu nusu, aliyeiweka kaondoka, na hakuna aliyejua ipo mpaka alama zilipoanza kupotea. Mwenzangu kalipia bando mara mbili kwa deni. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba kanuni ya mstari mmoja iliyosahaulika kwenye mashine ndani ya chumba chenye kiyoyozi inamkata alama mtu ambaye hata chumba hicho hajui kiko wapi. Halafu na mimi niseme ukweli, kama yule mkuu wa shule angeniambia wale kidato cha sita wanaomba kufunguliwa, sina uhakika ningejibu nini.

Yule afisa kanisikiliza mpaka mwisho. Alichukua ile karatasi yenye hesabu, akairudia mwenyewe kwa kikokotoo, akasema atajaribu kanuni mpya kwenye hosteli moja kwa wiki mbili aone kama mzigo unapanda au mafuriko yanakuja. Akachagua hosteli ya wasichana. Nikamwambia asante, mzee, ingawa moyoni nilitaka iwe yetu. Kuhusu zile alama tano, nimemwandikia mhadhiri barua pepe yenye hesabu zile zile, mwenzangu akiwa amekaa pembeni anasema niache tu. Mpaka leo Alhamisi hajajibu.

Jana usiku dada mmoja wa kule kanitumia meseji kwamba video za somo la Takwimu zinacheza bila kuganda, akauliza kama waifai imebadilishwa. Mie huku kwenye ngazi bado nimezima QUIC. Betri asilimia 9, na saa mbili asubuhi nina kipindi cha Saikolojia ya Elimu. Tutaonana.